Mlango wa shule umefunguliwa kwa mama kijana, nani atabisha hodi nyumbani kwake?

Tarehe 24 Novemba 2021, aliyekuwa Waziri wa Elimu wa Tanzania, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza jambo ambalo watetezi wa haki za watoto walikuwa wakilidai kwa miaka mingi: mwanafunzi aliyekatiza masomo, awe amekatiza kwa ujauzito au kwa sababu nyingine, ataruhusiwa kurudi katika shule ya serikali. Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka huo ukatoka. Kwa hatua hiyo nchi iliachana na msimamo uliotiwa nguvu mwezi Juni 2017, pale Rais John Magufuli alipotamka mkoani Pwani kwamba katika utawala wake hakuna mwanafunzi aliyepata mimba atakayerejea darasani.

Tanzania haikuwa ya kwanza katika eneo hili. Kenya iliruhusu wasichana waliojifungua kurudi masomoni tangu mwaka 1994, na mwaka 2020 ikatoa mwongozo mpya wa taifa kuhusu jinsi ya kuwapokea. Uganda nayo ilirekebisha mwongozo wake mwaka huo huo wa 2020: msichana huenda likizo ya lazima mimba ikifika miezi mitatu, na anaweza kurudi mtoto akitimiza miezi sita. Baadhi ya viongozi wa dini nchini humo walipinga, lakini mwongozo ulibaki.

Kwenye karatasi, basi, mlango uko wazi katika nchi zote tatu. Hata hivyo, msichana aliyejifungua akiwa kidato cha pili ana maswali ambayo waraka hauyajibu. Mtoto wa miezi mitano atabaki na nani tangu alfajiri hadi alasiri? Atanyonya saa ngapi? Nani atanunua sare nyingine, maana ile ya zamani haimtoshi tena? Baba wa mtoto, kama yupo, anataka mwenzake arudi shule au anataka mtoto wa pili? Na bibi wa mtoto, ambaye ndiye angetegemewa kulea, atawezaje kuliacha genge lake la nyanya na vitunguu ilhali ndilo linaloilisha nyumba nzima?

Maswali hayo huamuliwa nyumbani. Tena huamuliwa katika miezi ambayo hakuna mwalimu anayefika hapo, na mara nyingi hakuna muuguzi pia. Ndiyo sababu mjadala ambao kwa muda mrefu umekuwa wa nchi tajiri, kuhusu programu za kumtembelea nyumbani mama maskini anayepata mtoto wake wa kwanza, sasa unazihusu moja kwa moja nchi za Afrika Mashariki.

Ukubwa wa jambo lenyewe unaonekana katika tafiti za kitaifa za afya za mwaka 2022. Nchini Tanzania, asilimia 22 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kushika mimba. Mkoani Songwe ilikuwa asilimia 45. Uganda ilikuwa na asilimia 24. Kenya ilikuwa na wastani wa asilimia 15, lakini wastani huo unaficha mengi, kwa kuwa kaunti ya Samburu peke yake ilifika asilimia 50. Rwanda, katika utafiti wake wa 2019 na 2020, ilikuwa na asilimia 5. Na hawa ni wenye umri wa chini ya miaka 20 tu. Nyuma yao wapo akina mama wa miaka 21 au 22 ambao hawakuwa shuleni walipopata mimba, wanaouza maandazi au kufua nguo za watu, na ambao hawaguswi kabisa na waraka wowote wa elimu.

Wazo lililoanzia Elmira

Mwishoni mwa miaka ya 1970, mtafiti wa Marekani David Olds alianzisha jaribio katika mji mdogo wa Elmira, jimbo la New York, uliokuwa na umaskini mkubwa. Wanawake 400 waliokuwa na mimba ya kwanza waligawanywa katika makundi kwa bahati nasibu. Kundi moja lilitembelewa nyumbani na wauguzi tangu wakati wa ujauzito hadi mtoto alipotimiza miaka miwili. Jaribio hilo lilirudiwa baadaye katika miji ya Memphis na Denver, na mwishowe likazaa programu ya kitaifa inayojulikana kama Nurse-Family Partnership.

Anachofanya muuguzi huyo si kupima uzito na kuondoka. Katika utaratibu wa kawaida huja kila wiki mwanzoni, kisha kila baada ya wiki mbili, kisha kila wiki tena mama anapojifungua, na kuendelea hivyo akipunguza taratibu hadi siku ya kuagana. Kila muuguzi huwa na akina mama wapatao 25 tu kwa wakati mmoja. Huzungumza juu ya afya ya ujauzito na malezi ya mtoto, lakini sehemu ya tatu ya kazi yake ni maisha ya mama mwenyewe: anataka kumaliza shule, anataka kazi gani, anataka mtoto wa pili lini, na nani ndani ya nyumba atamsaidia au atamzuia. Bibi wa mtoto na baba wa mtoto huingizwa katika mazungumzo hayo, maana bila wao mipango ya msichana hubaki maneno matupu.

Ufuatiliaji uliochapishwa mwaka 1997, watoto wa Elmira walipofika umri wa miaka 15, ulionyesha mambo ambayo yaliwavutia wanasiasa wa vyama vyote viwili vya Marekani. Miongoni mwa wanawake maskini wasio na waume, waliotembelewa walizaa kwa wastani watoto 1.3 zaidi baada ya yule wa kwanza, ikilinganishwa na 1.6 kwa wasiotembelewa. Muda kati ya mtoto wa kwanza na wa pili ulikuwa miezi 65, dhidi ya miezi 37. Walitegemea ruzuku ya serikali kwa miezi 60, wakati wenzao waliitegemea kwa miezi 90.

Tarakimu ya kutazamwa zaidi hapo ni ile ya miezi 65. Miaka mitano na ushee kati ya mtoto na mtoto ni muda wa kumaliza kidato cha nne, kujifunza ufundi na kuzoea kazi. Miaka mitatu haitoshi, hasa kama mwaka mmoja wa hiyo umekwisha kwa kunyonyesha na mwingine kwa mimba mpya. Hiyo ndiyo njia ambayo ziara za nyumbani huweza kugusa elimu na ajira ya mama: kwa kumpa nafasi ya kupumua kabla ya ujauzito unaofuata, kuliko kwa kumtafutia kazi moja kwa moja.

Mwaka 2010 serikali ya shirikisho ya Marekani ilianza kugharimia programu za aina hii katika majimbo yote, na mwezi Desemba 2022 Bunge liliongeza fedha hizo ili zipande hatua kwa hatua hadi dola milioni 800 kwa mwaka ifikapo 2027.

Kumtembelea mzazi si jambo la kuletwa kutoka New York, bila shaka. Katika jamii nyingi za eneo hili mwanamke mwenye uzazi wa kwanza hurudi kwao au huletewa mtu wa kumkanda na kumpikia uji, na majirani huja kumtazama kwa zamu. Kwa Waswahili wa pwani mzazi hukaa ndani siku arubaini. Lakini arubaini ikiisha, wageni nao huisha. Ugumu wa maisha ya mama kijana ndipo unapoanza, kwani mtoto anataka kula, shule imefungua muhula, na hakuna tena anayebisha hodi.

Ushahidi usiokubaliana

Ingekuwa rahisi kuchukua matokeo ya Elmira na kuyapeleka wizarani Dodoma au Nairobi. Majaribio ya baadaye yanataka uangalifu zaidi.

Uingereza ilianza programu hiyo mwaka 2007 kwa akina mama wa umri wa miaka 19 kwenda chini. Jaribio kubwa lililowahusisha wasichana 1,645, ambalo matokeo yake yalitolewa katika jarida la Lancet, halikuona tofauti katika mambo makuu yaliyopimwa: uvutaji sigara mwishoni mwa ujauzito, uzito wa mtoto wakati wa kuzaliwa, matibabu ya dharura kwa mtoto, na mimba ya pili. Takriban theluthi mbili ya wasichana wa makundi yote mawili walikuwa wameshika mimba tena ndani ya miaka miwili. Katika jimbo la South Carolina, Marekani, utafiti wa wanawake 5,670 uliochapishwa mwaka 2022 haukuona kupungua kwa matatizo ya uzazi miongoni mwa waliotembelewa.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu Uingereza yana mantiki. Huko mama kijana ambaye hakupata muuguzi wa programu alikuwa tayari na mkunga wa bure, daktari wa familia, na muuguzi wa serikali anayefika nyumbani kumwona mtoto. Programu mpya iliongezwa juu ya huduma nyingine, na kilichoongezeka kilikuwa kidogo. Elmira ya miaka ya 1970 ilikuwa mahali pengine kabisa.

Wapo wanaochukua hoja hiyo na kusema kwamba, kwa kuwa huduma katika vijiji vya Afrika Mashariki ni chache, basi ziara za nyumbani zitaleta mabadiliko makubwa zaidi. Nusu ya hoja hiyo ni sahihi. Nusu nyingine inasahau kwamba muuguzi wa Elmira alipomshauri mama arudi masomoni, alikuwa katika nchi yenye vyuo vya jumuiya, chakula cha msaada na matibabu ya kulipiwa kwa maskini. Alikuwa na mahali pa kumwelekeza. Mgeni anayefika kwenye chumba cha kupanga Mbagala au kwenye boma la Samburu akiwa na maneno mazuri tu, bila mahali pa kumpeleka mtoto mchana na bila njia ya kulipia sare, atasikilizwa kwa heshima, atapewa kigoda na maji ya kunywa, na mambo yatabaki yalivyo.

Ushahidi wa karibu zaidi juu ya hili unatoka Nairobi. Katika mtaa wa Korogocho, watafiti walitoa hati za kulipia vituo vya kulelea watoto kwa baadhi ya akina mama wenye watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi mitatu, na wengine hawakupewa. Zaidi ya wanawake 1,200 walishiriki katika utafiti huo. Waliosaidiwa gharama za malezi walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa na kazi, kwa tofauti ya asilimia 8.5. Hakuna aliyewahubiria umuhimu wa kazi, walikuwa wanaujua. Walichokosa ni mahali salama pa kumwacha mtoto kwa bei wanayoimudu.

Tanzania ina mfano wa jambo hilo hilo upande wa elimu, ingawa hautajwi sana nje ya nchi. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo asili yake ni siasa ya elimu ya watu wazima ya enzi za Mwalimu Nyerere, vimekuwa vikiwapokea wasichana waliokatiza masomo kupitia mpango uitwao Elimu Haina Mwisho. Mwanafunzi husoma masomo ya sekondari na ufundi, na vyuo vimewekewa vituo vya kulelea watoto, hivyo mama huja na mwanawe. Kabla ya waraka wa 2021, hiyo ilikuwa moja ya njia chache zilizokuwa zimebaki kwa msichana wa namna hiyo. Baada ya waraka, inaonekana bado ni njia inayowafaa wengi kuliko kurudi katika darasa walilotoka, kwa sababu shule ya kawaida ya kata haina mahali pa kumlaza mtoto mchanga.

Wahudumu laki moja na wengine

Hapa ndipo suala linapogeuka kuwa la sasa hivi. Nchi mbili kubwa za ukanda huu zinajenga, karibu kwa wakati mmoja, mtandao wa watu ambao kazi yao ni kwenda nyumba kwa nyumba.

Tarehe 25 Septemba 2023, Rais William Ruto wa Kenya aliwazindua jijini Nairobi wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000. Kila mmoja anatarajiwa kuhudumia kaya zipatazo 100, na posho ya shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi hugawanywa nusu kwa nusu kati ya serikali kuu na kaunti. Miezi minne baadaye, tarehe 31 Januari 2024, Makamu wa Rais wa Tanzania wakati huo, Dokta Philip Mpango, alizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga kufikisha watu 137,294 ndani ya miaka mitano. Rwanda iko mbele kidogo kwa upande wa ustawi wa familia: mbali na washauri wake wa afya, kila kijiji kina watu wawili, mwanamume na mwanamke, waitwao Inshuti z'Umuryango, yaani marafiki wa familia. Jumla yao inakaribia 30,000.

Rwanda pia ndiyo iliyofanya jaribio linalokaribiana zaidi na yale ya Olds. Programu ya Sugira Muryango ilipimwa kuanzia mwaka 2018 katika familia zaidi ya 1,000 za wilaya za Nyanza, Ngoma na Rubavu, zote zikiwa za tabaka la chini kabisa na zikitoka katika orodha ya mpango wa taifa wa kusaidia maskini. Mhudumu alikuja kwa mafunzo 12, akizungumza na baba na mama pamoja kuhusu kucheza na mtoto, lishe, usafi na kumaliza ugomvi bila kupigana. Baba walijihusisha zaidi na malezi, adhabu kali kwa watoto zilipungua, na ukatili dhidi ya wanawake ulipungua. Baadaye kazi hiyo ilianza kukabidhiwa kwa Inshuti z'Umuryango wenyewe.

Mambo mawili ya jaribio hilo yanastahili kuangaliwa na majirani. La kwanza ni kwamba familia hazikutafutwa upya. Zilichukuliwa katika orodha ya ruzuku iliyokuwapo. Tanzania ina orodha kama hiyo kupitia TASAF, na tayari ilishajaribu kuambatanisha fedha za TASAF na mafunzo ya stadi za maisha kwa vijana wa Iringa na Mbeya katika mpango wa Ujana Salama. La pili ni kwamba baba alikuwamo ndani ya chumba. Programu nyingi za akina mama vijana humwona mwanamume kama tatizo la polisi au kama mtu asiyekuwapo, ilhali yeye, au baba mkwe, ndiye mara nyingi mwenye kusema ndiyo au hapana juu ya shule na njia za uzazi wa mpango.

Sugira Muryango, hata hivyo, haikuundwa kwa ajili ya uzazi wa kwanza, wala haikulenga shule au ajira ya mama. Hali ni hiyo hiyo kwa wahudumu wa Kenya na Tanzania. Majukumu yao ni ya afya: ujauzito na kliniki, chanjo, lishe, malaria, kifua kikuu, UKIMWI, shinikizo la damu. Ni kazi nzito na ya lazima. Lakini mhudumu anaweza kumtembelea mama wa miaka 17 mara kumi, akakagua kadi ya kliniki mara kumi, na asimwulize hata mara moja kama anajua kwamba sheria sasa inamruhusu kurudi darasani.

Je, aongezewe kazi hiyo? Jaribio la Denver linatoa onyo. Olds na wenzake walilinganisha wauguzi na watu wa kawaida wa jamii waliopewa mafunzo na kufuata programu ile ile. Watu wa kawaida walileta manufaa fulani, lakini wauguzi walipata matokeo makubwa zaidi katika mambo mengi yaliyopimwa. Nchi za Afrika Mashariki haziwezi kumpeleka muuguzi katika kila nyumba yenye mtoto wa kwanza. Hata zahanati zenyewe zina upungufu wao. Zitategemea mhudumu wa jamii. Ila mhudumu mwenye kaya 100 na posho isiyofika kwa wakati hawezi kutarajiwa kufanya kazi ya muuguzi mwenye akina mama 25. Pendekezo lenye mantiki zaidi ni kutenga wachache miongoni mwao, wakapewa mafunzo ya ziada na idadi ndogo ya akina mama vijana, badala ya kuongeza ukurasa mmoja katika daftari la kila mtu.

Kuna kikwazo kingine, na hiki kinaihusu zaidi Tanzania. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mtu anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30. Nia ya sheria hiyo inaeleweka na wasichana wanastahili ulinzi. Lakini itazamwe kutoka ndani ya nyumba. Mgeni mwenye daftari la serikali anapoketi na kuuliza habari za mtoto, swali la kwanza linalomjia mzazi kichwani ni kama mgeni huyo atauliza pia jina la baba, na kama jibu litaishia kituo cha polisi. Pale ambapo aliyetenda ni mtu mzima aliyemrubuni mtoto, ni sawa iishie huko. Pale ambapo ni mvulana wa darasa moja na msichana, au ambapo wazee wa pande mbili wameshaelewana kimyakimya, nyumba itafunga mdomo, na wakati mwingine msichana atahamishiwa kwa shangazi katika wilaya nyingine. Programu ya ziara inasimama juu ya kuaminiana, na haitadumu kama mhudumu hajaelezwa waziwazi ni mambo gani analazimika kuyaripoti na yapi ni ya siri kati yake na mama.

Suala la fedha halikwepeki. Katika jaribio la Memphis gharama ya programu ilikuwa zaidi ya dola 11,000 kwa kila familia, kwa thamani ya dola ya mwaka 2006. Serikali ilizirudisha kwa kupunguza ruzuku iliyolipwa katika miaka 12 iliyofuata. Hesabu hiyo haiwezi kunakiliwa Mbeya au Kisumu. Serikali isiyomlipa mama maskini ruzuku ya kila mwezi haina ruzuku ya kuokoa. Faida yake itakuja kwa njia nyingine, kupitia mama aliyefika kidato cha nne na mtoto asiye na utapiamlo, na faida ya aina hiyo haionekani katika bajeti ya mwaka mmoja.

Zaidi ya hapo, wafadhili wamepungua. Marekani ilisitisha misaada yake mwezi Januari 2025 na shirika lake la USAID likafungwa rasmi tarehe 1 Julai mwaka huo. Miongoni mwa yaliyoguswa ni mpango wa DREAMS, uliowahi kuwalipia karo na kuwapa walezi wasichana wa Kenya, Tanzania na Uganda kwa lengo la kuwakinga na virusi vya UKIMWI. Kilichokuwa kikifanywa kwa fedha za nje sasa kinasubiri bajeti za ndani, na katika bajeti za ndani mama kijana hana wizara iliyo yake peke yake. Elimu inamhesabu kama mwanafunzi aliyekatiza masomo, afya inamhesabu kama mjamzito aliye katika hatari, na ustawi wa jamii unamhesabu kama mwathirika. Ni mtu mmoja katika madaftari matatu yasiyokutana.

Tanzania ilipata chombo cha kuyakutanisha mwezi Desemba 2021, wiki chache tu baada ya tangazo la Profesa Ndalichako, ilipozindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto inayozihusisha wizara kadhaa. Programu hiyo ilipangiwa muda hadi mwaka wa fedha 2025/26, na kwa jina lake tu inaonekana macho yake yako kwa mtoto. Mpango utakaofuata ndio mahali ambapo swali la shule na kazi ya mama linaweza kuandikwa, kando ya chanjo na lishe. Kwa Kenya uamuzi hautatoka Nairobi pekee, kwa kuwa nusu ya posho ya mhudumu hulipwa na kaunti, na kaunti ziko 47. Samburu, yenye asilimia 50 yake, haihitaji kuzisubiri nyingine zote.